"Viza ya Haraka": Istilahi Inayopotosha

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi inayosikika miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wanaotafuta kazi nchini Marekani, nayo ni "viza ya haraka". Hutumiwa kutaja ada inayolipwa ili Idara ya Huduma za Uraia na Uhamiaji ya nchi hiyo ishughulikie mapema maombi ya mwajiri anayetaka kumwajiri mgeni. Kwa maoni yetu, maneno yote mawili ya istilahi hiyo yana kasoro, na kasoro hizo zaweza kumtia mtu hasara.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Utaratibu huu uliidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000, ukaanza kutumika mwaka 2001 kwa ada ya dola 1,000. Mwaka 2024 ada ya aina nyingi za maombi ya ajira ilifikia dola 2,805, mbali na ada za kawaida. Kwa malipo hayo Idara hujifunga kuchukua hatua katika siku 15 za kazi, au 45 kwa aina chache za maombi. Hatua hiyo yaweza kuwa kukubali, kukataa, kuarifu kusudio la kukataa, kudai ushahidi zaidi, au kuanzisha uchunguzi wa udanganyifu. Muda ukipita bila hatua yoyote, ada hurudishwa.

Sasa tulitazame neno "viza". Kinachoshughulikiwa hapa ni maombi ya mwajiri. Kwa mtu aliye nje ya Marekani, viza hutolewa baadaye ubalozini, chini ya wizara nyingine. Aidha, anayetaka ukaazi wa kudumu hungoja zamu yake katika idadi ya viza iliyowekwa kwa mwaka, na ada hii haiisogezi zamu hiyo hata kidogo. Muuguzi aliyeambiwa kuwa amelipiwa "viza ya haraka" aweza kuacha kazi na kuuza shamba, kumbe safari bado ni ya miaka.

Neno "haraka" nalo halina kipimo. Hadi Machi 2024 siku zilihesabiwa kwa kalenda. Tangu Aprili mwaka huo huhesabiwa siku za kazi. Mfasiri anayeandika "siku 15" tu amepunguza karibu wiki nzima. Tena ushahidi ukidaiwa, hesabu huanza upya majibu yanapopokelewa.

Tafsiri nyingine hazituridhishi pia. "Usindikaji maalumu" humkumbusha msomaji mafuta ya alizeti na maji ya matunda. "Huduma bora" huipamba dhana, kwani vigezo vya uamuzi ni vilevile kwa aliyelipa na asiyelipa. Wako pia wanaoiita "chai". Ada hii imewekwa kwa sheria, ina stakabadhi, na huingia katika mfuko wa serikali. Kuiita hongo ni kumfundisha mwombaji kutoa hongo kweli mahali pengine. Ikiwa ni haki mwenye fedha atangulie, hilo ni swali la kujadiliwa waziwazi, wala si la kufichwa ndani ya istilahi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) "maombi ya mwajiri", yatofautishwe na "maombi ya viza". Neno "arzihali" lingefaa kwa maana, lakini wasomaji wengi wa leo hawalijui;

(b) "ada ya hatua ya mapema", kwa kuwa kinachonunuliwa ni hatua, nayo yaweza kuwa ya kukataa;

(c) "siku za kazi", yaandikwe yote kila mara.

Twatambua kwamba "ada ya hatua ya mapema" haivutii masikioni kama "viza ya haraka". Lakini katika hati ambayo mtu huitumia kupanga maisha yake, usahihi hutangulia uzuri. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaokutana na hati hizi wanaombwa wayapime mapendekezo haya na kutuletea maoni yao.