Dortmund Mkiani, Hesabu Zikakataa

Februari 4, 2015, Borussia Dortmund ilichapwa 1-0 na Augsburg kwenye uwanja wake wa nyumbani. Mechi 19, pointi 16, mkiani mwa Bundesliga. Mwaka 2013 tu, timu hiyohiyo chini ya Jürgen Klopp ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa. Sababu zikapatikana upesi: Lewandowski kaenda Bayern, miguu imechoka, kocha kaishiwa mbinu.

Takwimu za mabao tarajiwa, maarufu kama xG, zilisema jingine. Kila shuti hupewa namba kati ya 0 na 1 kwa kulilinganisha na maelfu ya mashuti ya zamani: limepigwa umbali gani, pembe gani, kwa mguu au kichwa, baada ya pasi ya aina gani. Penalti hupata karibu 0.76. Jumlisha zote, upate mabao ambayo wapigaji wa kawaida wangefunga kwa nafasi hizo.

Jumla hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mashuti 10 ya 0.1 na mashuti 2 ya 0.5 yote hutoa bao 1 tarajiwa, lakini timu ya kwanza hutoka kapa mara 35 katika 100, ya pili mara 25. Kwa hiyo mchambuzi huicheza upya kila mechi kwenye kompyuta mara maelfu, kisha huangalia timu ilistahili pointi ngapi kwa wastani wa msimu mzima.

Ian Graham, mwanafizikia aliyekuwa mkuu wa takwimu Liverpool, aliipitisha Dortmund kwenye hesabu za ukoo huo. Timu ilimaliza ya 7, baada ya kuvuna pointi 30 katika mechi 15 za mwisho. Kwake yeye ilistahili kuwa ya 2. Klopp alipotua Liverpool Oktoba 2015, Graham alimfuata ofisini na kumweleza alivyokosa bahati Dortmund ilipofungwa na Mainz (2-0) na Hannover (1-0). Graham hakuwa ameitazama hata mechi moja kati ya hizo.

Ile ya Mainz inafundisha zaidi. Ciro Immobile alikosa penalti, iliyopanguliwa na Loris Karius (ndiyo, yuleyule ambaye Klopp alimsajili baadaye). Mkwaju huo mmoja unaipa Dortmund 0.76, ingawa hausemi lolote kuhusu uwezo wake wa kuipasua ngome. Bao la pili Matthias Ginter alijifunga, na kwa kuwa mpinzani hakupiga shuti, Mainz kwa kawaida haiandikiwi kitu. Bahati mbaya ilikuwepo, lakini mechi hiyo moja inaikuza.

Tena si kila kitu kilikuwa bahati. Wapinzani walikwisha kuisoma Dortmund: wakaiachia mpira, wakajazana nyuma, wakasubiri kaunta. Shuti la mita 12 mbele ya msitu wa miguu si sawa na la mita 12 ukiwa na kipa peke yake, na hesabu nyingi za wakati huo hazikuona mabeki walikosimama. Kwa Dortmund ile, ningeanza na xG bila penalti, kisha nihesabu watu waliokuwa kati ya mpira na goli kila shuti lilipopigwa.