Ekra ilisema 61, na udongo ulikuwa umekauka

Wenzangu, leo siandike juu ya mahindi. Naandika juu ya programu moja tunayoisifu sana, na kosa ambalo mi mwenyewe nililifanya nayo.

Wale wanaofanya kazi ya data wanajua Kafka na Grafana. Kafka ilizaliwa ndani ya kampuni LinkedIn, na tangu 2011 kodi yake iko wazi kwa watu wote. Inapokea habari zinazotiririka bila kusimama, inazipanga kwa mstari, inazipeleka kwa mwenye kuzihitaji. Haichore kitu. Kuchora njo kazi ya Grafana, ambayo Torkel Ödegaard aliianzisha mu 2014: inageuza data kuwa mistari, saa za mshale na namba kubwa za rangi. Zote mbili unazipakua bure. Njo maana vijana tunazipenda.

Kwa shamba dogo, Kafka ni mzigo wa bure. Mahali nilipofanya stage, nje kidogo ya Dilala, nilitumia InfluxDB kama ghala la data, na Grafana juu yake. Vipimo vya unyevu mu udongo wa pepinieri ya mashu, ekra moja mu ofisi. Kila mtu alipiga makofi.

Mwezi wa nane, jua kali, baba mmoja mwenye kumwangilia akaingia mu ofisi: « Patron, udongo umekauka, tuwashe motopompe. » Patron akamwonyesha ekra: 61, rangi ya kijani. « Maji iko. Usinimalizie mazutu. » Siku tatu ilibakia paka 61. Ya nne, miche ilikuwa imelala chini. Yule baba akakatwa mshahara, eti hakumwangilia. Na ile ekra, ni mi niliipanga.

Nini ilitokea? Betri ya kipimo ilikufa. Lakini mu Grafana, namba kubwa na saa ya mshale, usipozigusa, zinaonyesha thamani ya mwisho ambayo si tupu. Ukichagua dirisha la siku saba, kipimo kilichokufa tangu siku tatu kinaendelea « kusema » 61, bila alama yoyote kwamba ile 61 ni ya zamani. Ni sawa kuuliza hali ya mgonjwa, na kujibiwa na barua aliyoandika juma lililopita.

Kosa la pili ni rangi. Ukifungua paneli mpya, mipaka inakuja tayari: kijani kuanzia chini, nyekundu kuanzia 80. Kwa ordinatere inayochoka, ni sawa: kazi ikipita 80 kwa mia, kuna hatari. Kwa udongo, ni kinyume. Unyevu wa 10, mmea unakufa, ekra inachora kijani. Yaani ata kama betri ingekuwa nzima, patron angeona kijani tu mpaka mwisho. Mi sikuibadilisha, juu nilifikiri waliotengeneza wanajua kuniliko. Wanajua, lakini wanajua ordinatere. Udongo wa hapa hawakuuwaza.

Kosa la tatu limejificha zaidi: wastani. Ukitunga swali la InfluxDB kwa kubofya tu, mara nyingi linaanza na wastani. Chukua mvua. Milimita 48 zinaanguka mu saa moja, saa 23 zingine hakuna kitu. Wastani ni milimita 2 kwa saa: kamvua kadogo kazuri. Kumbe ilikuwa mvua ya kubomoa matuta na kubeba mbolea yote. Mvua inahesabiwa kwa jumla. Unyevu wa udongo uangalie kile kipimo chenye kiko chini kuliko vyote, maana mche wa pembeni haunywi wastani.

La nne, mfuko. Watu wanapenda kuweka ekra ijirudilie kila sekunde 5. Inapendeza macho, sikatae. Lakini unyevu wa udongo haubadilike mu sekunde 5, na megabaiti tunazinunua. Kila dakika 15 inatosha.

Sasa tuwe wa haki. Grafana ina dawa ya haya yote: unaweza kugeuza mipaka, kuchagua jumla, ata kuweka onyo data zikikosekana. Mimi namlaumu aliyepanga kwanza, yaani mi. Lakini programu inalaumika kwa yale inayokupa kabla hujachagua, juu watu wengi wanabakia palepale.

Na mfano mzuri uko karibu. DHIS2, iliyotoka ku Chuo Kikuu cha Oslo, nayo ya kodi wazi, njo nchi yetu inaitumia kwa habari za afya, mpaka mu zone za afya kama Dilala. Pale, pembeni ya hesabu ya wagonjwa wa malaria, unaweza kuona kiasi gani cha ripoti kimefika, na kama kimefika kwa wakati. Ukiona malaria imeshuka, unauliza kwanza: imeshuka kweli, ao vituo havijatuma? Lile swali njo linakosekana mu ma-ekra yetu ya data zinazotiririka. Data za mwezi tunazishuku. Data za sekunde tunaziamini, kwa sababu tu zinatembea.

Basi ombi langu kwa wale wanaoandika kodi: kila namba kubwa itoke na umri wake, « dakika 4 » ao « siku 3 », na ikizeeka igeuke rangi ya majivu. Kodi iko wazi, tunaweza kuipendekeza wenyewe. Kuna watu hapa wenye uwezo huo.

Kwa mwagronome mwenzangu: kabla hujaamini ekra, chomoa betri ya kipimo kimoja, ngojea, uangalie itasema nini. Mi nilifanya hivyo nyuma, nikapeleka matokeo kwa patron. Alinyamaza. Franga za yule baba hazikurudia. Na yeye alikuwa ameshika udongo kwa mkono.