Pongezi kwa Askari wa Katavi
Kiangazi kiingiapo, mto Katuma ukapungua hata viboko kwa mamia wakasongamana katika madimbwi ya tope pale Ikuu, ndipo idhihirikapo fadhila ya askari wa hifadhi wawatanguliao wageni kwa miguu, bunduki begani, wakichota vumbi na kulipeperusha ili wajue upepo utokako. Hifadhi hiyo ya Katavi, iliyoasisiwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471, haina umaarufu wa Serengeti, wala mimi, kusema kweli, sihuzuniki kwa hilo. Wakikuta kinyesi cha nyati kingali kikifuka mvuke, msafara hugeuzwa bila mjadala, na mgeni, hata awe na mali ya Karuni, hana hiari ila kutii.