Mchoraji Mbele ya Kitu cha Kale: Tahakiki Fupi ya Mafunzo ya Hangar

Mintarafu sanaa ya Katanga, kundi la wachoraji la Hangar husifiwa aghalabu kwa jambo moja: kwamba halikuiga mtu. Tahakiki hii inakusudia kuichunguza sifa hiyo na kuuliza iwapo kutoiga kulikuwa na gharama yake. Swali hili linawahusu pia vijana wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaoshika penseli leo.

Hangar ilianzishwa mwaka 1946 mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini. Hakuwawekea wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili, bali aliwataka wachore yatokayo katika kumbukumbu na mazingira yao. Matunda yake yanajulikana. Pilipili Mulongoy aliwapanga samaki, ndege na nyoka katika uwanja uliotiwa madoa na mistari hadi pembeni. Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa vistari vifupi vilivyo sambamba. Bela Sara aliweka brashi kando, akapaka rangi kwa vidole. Mwalimu mmoja, mikono mitatu isiyofanana: mbinu hiyo haikuzaa kasuku.

Hata hivyo, kielelezo cha Ulaya kilipoondolewa, nafasi yake ilichukuliwa na mto, mbuga na wanyama. Katika kazi mashuhuri za kundi hili, vyombo vya kale vya nchi havina uzito kama huo. Mwalimu alifariki mwaka 1954. Miaka mitatu baadaye, makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Lualaba, yalianza kufukuliwa na wanaakiolojia. Humo mlikuwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, mapambo, na misalaba ya shaba.

Misalaba hiyo inafundisha jambo ambalo kumbukumbu peke yake haiwezi kulifundisha. Ile ya zamani zaidi ni mikubwa na michache. Ya baadaye ni midogo, mingi, na vipimo vyake vinakaribiana. Wataalamu wameona katika badiliko hilo safari ya kitu cha heshima kuelekea kuwa fedha. Anayeuchora msalaba kwa kuubuni hupata alama tu, kama ile iliyowekwa mara tatu katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Anayeupima, akafuata unene wa ukingo na mkwaruzo wa kalibu, hupata historia.

Huenda ikadaiwa kwamba kuchora vitu vya makumbusho ni kurudi kwenye unakili ulioepukwa na Hangar. Hatukubaliani na dai hilo. Kunakili ni kufuata jibu la mtu mwingine; kuchora kitu kilicho mbele yako ni kukiuliza swali. Watu watano wakikaa kukizunguka chungu kimoja, hutoka na michoro mitano, na tofauti zao huwalazimisha wote kukitazama upya.

Kuna upungufu mwingine, nao ni wa lugha. Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu alimweleza Johannes Fabian picha zake za historia ya nchi kwa Kiswahili cha huko, na maelezo hayo yamehifadhiwa katika kitabu kilichotoka mwaka 1996. Thamani ya kazi ile haitengani na usemi wake. Vivyo hivyo, mchoro wa chombo cha kale usiokuwa na jina la chombo, la sehemu zake na la kazi yake, ni nusu ya ushahidi. Mkoa ulioitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997 haustahili kukosa msamiati wa shaba yake.

Tunapendekeza, basi, kwamba makundi ya wachoraji yaurithi uhuru wa Hangar, lakini yauongezee rula, daftari na mazungumzo na wazee. Kolwezi ni mji ambao ardhi yake huchimbwa kila siku, na tingatinga halitofautishi kigae na jiwe. Jicho lililozoea kuchora litatofautisha.