Ukimya wa Samehe: Uigizaji wa Amandina Lihamba katika *Maangamizi*

Uhakiki wa kazi za Amandina Lihamba umeelemea upande wa kalamu: *Hawala ya Fedha* (1980), aliyoitohoa kutoka kwa Sembène Ousmane, na *Harakati za Ukombozi* (1982), aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Uigizaji wake hutajwa kwa kupita tu. Upungufu huo hudhihirika mtu anapoitazama *Maangamizi* (2001), filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill.

Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa wa akili ambaye hajatamka neno kwa miaka ishirini. Mtunzi wa tamthilia amenyang'anywa zana yake. Kinachobaki ni shingo, macho na namna ya kuketi. Mwigizaji aliyelelewa na jukwaa, aliyezoea kumfikia mtazamaji wa safu ya nyuma, hushawishika kuujaza ukimya wa namna hiyo kwa ishara. Lihamba haujazi. Asira (Barbara O), daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika, ndiye asemaye, na kadiri anavyosema ndivyo jicho linavyomrudia asiyesema.

Majina nayo yana uzito. *Samehe* ni kitenzi cha kuamrisha: mwenye jina huamrishwa kila aitwapo. *Maangamizi* hutokana na *-angamiza*, si *-angamia*. Unyambulishaji wa utendeshi unadai mtenda. Kumtaka mtu asamehe kabla mtenda hajatajwa ni jambo zito, hasa kwa hadhira ya pwani, ambayo Bagamoyo kwake ilikuwa bandari ya watumwa kabla ya kuwa mji wa Chuo cha Sanaa. Ukimya anaouigiza Lihamba hausomeki kama ugonjwa pekee. Ni kutoitikia amri. Filamu yenyewe haina ujasiri huo kila mahali: mzimu Maangamizi (Mwanajuma Ali Hassan) huachiwa kueleza yale ambayo uso wa Samehe umekwisha kuyaeleza, na maelezo hayo huupunguzia uso kazi.

Usomaji huu hauko mbali na kazi nyingine za mwigizaji. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishiriki katika sanaa za maonyesho zilizowapa wanakijiji nafasi ya kuyaigiza matatizo yao wenyewe. Mwaka 1996 yeye na Muhando (sasa Mlama) walianzisha mradi kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Waliuita Tuseme.