Mipaka ya Gharika Chini ya Kibo

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilipokuwa kikisogea katika Bahari ya Hindi kuelekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa moja baada ya nyingine, na taarifa hizo zikazaa vitendo: boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, wavuvi wakahadharishwa wasiingie majini, na watu wa pwani, ambao katika masimulizi yao imo tufani ya Aprili 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na ile ya Aprili 1952 iliyoipiga Lindi, wakajua balaa lingewajia kutoka upande gani. Siku chache tu kabla ya hapo, Aprili ikielekea kwisha, mvua za masika ziliporomosha udongo katika kata ya Mbokomu, juu ya mji wa Moshi, zikaua watu, na huku chini mafuriko yakaingia majumbani. Kimbunga hakikuwako. Nayaweka mambo haya mawili katika mizani moja kwa kuwa nadhani yale yaliyofanywa vyema pwani hayajapata tafsiri yake mlimani, hapa Kilimanjaro chini ya kilele cha Kibo.

Wamarekani, ambao pwani zao hazikosi misukosuko ya vimbunga, wameigawa miji yao ya baharini katika kanda za kuhama zenye herufi, A, B na kuendelea, na wengi hudhani kanda hizo zimechorwa kwa kufuata nguvu ya upepo. Sivyo, zimechorwa kwa kufuata maji. Wataalamu huhesabu bahari itainuka kimo gani mbele ya kimbunga cha daraja fulani, wakatazama ramani ya miinuko ya nchi, na wale ambao makazi yao yako chini ya kimo hicho ndio huamriwa kuondoka kwanza. Upepo mtu hujificha, maji huyakimbia. Mantiki hiyo ni thabiti, lakini Septemba 1999 ilionyesha ufa wake: kwa khofu ya kimbunga Floyd watu zaidi ya milioni 2 walihama, barabara za kwenda bara zikafungamana kwa magari, na wengi wao walitoka mahali ambapo maji hayakufika, kisha kimbunga kilipoingia North Carolina, wengi wa waliokufa waliuawa na mito ya bara iliyofura kwa mvua, si na bahari. Princeville, mji mdogo wa bara kando ya mto Tar, uliojengwa na watu waliotoka utumwani, ulizama wote, na haukuwa mji wa pwani hata kidogo.

Moshi ni jamaa wa Princeville. Tufani za baharini hazitufikii, kwa maana karibu hivi na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo. Lakini maji yatokayo katika bahari hiyohiyo hupanda na upepo, hugota mlimani, na hushuka kwa mito iliyokwisha jichimbia makorongo. Rau hushuka baina ya Uru na Mbokomu, Karanga baina ya Uru na Kibosho, Weruweru baina ya Kibosho na Machame. Yote huishia katika Kikuletwa na Ruvu, ikakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwa mto Pangani ikarudi baharini. Pwani maji hupanda, kwa hiyo mstari wa kimo hutosha kuwa mpaka. Kwetu maji hushuka, na mtu aliye juu, mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari, aweza kufa kabla ya mtu wa Kahe aliye bondeni. Mpaka wa hatari wa Moshi haufuati kimo wala haufuati kata. Hufuata mto, na kipimo chake ni muda.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Mji wa Moshi, ulio mita 800 na kitu juu ya bahari, hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, ilhali msitu wa kusini mwa mlima, katika mita 2,000 na ushei, hupata zaidi ya milimita 2,000. Maana yake ni kwamba chombo cha kupimia mvua kilichowekwa mjini hakielezi habari za mto upitao mjini. Mkazi wa Njoro, huku mjini, aweza kuanika nguo juani ilhali gharika imekwisha anza safari, ikiteremka mita 1,000 kwa masafa ambayo mtu mwenye miguu mizima huyashuka kabla ya adhuhuri, na maji hayendi kwa mwendo wa mtu. Kwa hiyo jicho la kutazamia lazima liwe ukingoni mwa msitu, na si jicho la mashine pekee. Kipimo cha mvua cha bei ndogo katika kila shule ya juu, mwalimu akakisoma asubuhi na jioni na kupeleka hesabu yake kwa simu, kingetupa saa ambazo hatunazo leo.

Wazee waliolijenga Kilimanjaro walilifahamu jambo hili bila ya ramani. Kihamba, pamoja na migomba, kahawa na nyumba yake, kilikaa juu ya mgongo wa nchi. Korongo liliachiwa majani ya ng'ombe, miti, na mfongo uliopeleka maji mashambani, na kazi za mfongo zilikuwa za msaragambo, yaani za pamoja, watu wakiitwa kwa pembe. Kihamba kilipogawanywa mara ya tatu na ya nne baina ya wana na wajukuu, mwenye fungu la mwisho alisukumwa ukingoni. Simlaumu, hakuwa na pa kwenda. Lakini nyumba zilizojengwa kwa namna hiyo ndizo zinazopasa kuandikwa za kwanza katika daftari la kijiji, moja moja, kwa jina la mwenyewe, kwa kuwa huko hakuna muda wa kukimbia. Wa ukingoni huhama kabla ya mvua ya usiku, mchana, miguu ikiwa mikavu, na huhamia juu ya mgongo wa upande wake, kwa jirani, kanisani au shuleni; asivushwe mto kwa hali yoyote kwenda penye kituo kizuri zaidi ng'ambo.

Nimetaja muda, lakini udongo una hesabu yake nyingine. Mteremko hauporomoki kwa mvua kubwa ya siku moja tu. Aghalabu huporomoka baada ya siku nyingi za mvua ambazo kila mtu huziona ni za kawaida, maji yakiijaza ardhi hata uzito ukazidi na mshikamano ukapungua. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliteremsha tope, mawe na magogo juu ya Katesh, mji mdogo wa bara kama wetu, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Basi mwalimu wetu mwenye kipimo asitazame hesabu ya leo peke yake, ajumlishe ya juma zima. Na kila mtu wa nyumbani afundishwe dalili zisizohitaji chombo: chemchemi iliyokuwa safi ikatoka maji ya tope, ufa mpya uwanjani, migomba iliyolala upande mmoja, mlango uliokuwa ukifunga jana na leo haufungi. Mbaya kuliko zote ni mto kunyamaza ghafla ilhali mvua ingali ikinyesha, kwani huenda magogo na udongo vimeuziba huko juu, na kizuizi hicho kitapasuka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo yake kwa rangi, njano, chungwa na nyekundu, na huyataja kwa mikoa. Hilo ni haki yake. Haiwezi kulijua korongo la kila ukoo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa mpaka kijiji, na kazi ambayo sioni mtu mwingine awezaye kuifanya ni kuitafsiri rangi ya mkoa iwe tendo la kitongoji: kwa njano, mifongo ifungwe vinywani na mitaro ya madaraja izibuliwe, kwa chungwa, wenye nyumba za ukingoni walale kwingine, kwa nyekundu, madaraja ya chini yafungwe na watoto wasitumwe shuleni. Pwani, Hidaya ilipokuja, hakuna aliyeuliza maana ya onyo, kwa maana boti zilikuwa zimefungwa gatini.

Na kamati hizo zimefungwa na mipaka ya utawala, ilhali Rau hauijui. Mbokomu iko juu, Mabogini na mashamba yake ya mpunga chini, Kahe chini zaidi, na baina yao umekaa mji wenye halmashauri yake. Orodha ya simu ya mto mmoja, tangu msituni mpaka bondeni, yenye majina mawili kwa kila kituo ili mmoja akilala mwingine aamke, haihitaji fedha ya kigeni wala mhandisi. Wa juu akiona maji yamegeuka rangi, humpigia wa darajani, na wa darajani humpigia wa Kahe. Na wa Kahe akiupata ujumbe huo usiku mvua ikiwa haijamfikia, angali na wasaa wa kuwasha taa, kuwaamsha watoto, na kulifungua zizi.