Mikono Inayousubiri Msuli

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea watoto wachanga haanzi kwa kushika. Mtoto wa wiki sita akilazwa chali mbele yake, kwanza humtazama: kichwa kinalalia bega lipi, kidevu kinaelekea wapi, kisogo kimebonyea upande gani. Humuuliza mama kama kuna titi ambalo mtoto hunyonya kwa taabu. Msuli wa shingo anaoushuku huanzia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ukashuka hadi kwenye mtulinga na kidari. Ukifupika wa kulia, kichwa huinamia kulia ilhali uso hugeukia kushoto.

Kisha vidole hupita taratibu juu ya msuli. Pengine hukuta kinundu kigumu, kile kinachojitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa na kuwakosesha wazazi usingizi; mara nyingi hunywea chenyewe miezi inavyosonga. Hali hii ya shingo kupindwa na msuli uliofupika huwapata zaidi waliobanwa tumboni au waliotanguliza makalio. Kwa hiyo mjuzi haishii shingoni. Hukagua nyonga, maana matatizo hayo mawili huandamana, na huangalia kama macho yanafuata kitu, kwa sababu kasoro ya macho nayo humfanya mtoto ainamishe kichwa. Shingo iliyopinda ghafla, tena kwa homa, haiguswi kwa mazoezi: mtoto hupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Kunyoosha kwenyewe ndiko kunakonivutia. Mkono mmoja hutuliza bega, mwingine hubeba kichwa na kukiinamisha upande wa pili, polepole, hadi msuli unapoanza kugoma. Hapo mkono husimama. Nusu dakika hivi hupita bila chochote kinachoonekana, mpaka msuli wenyewe ulegee kidogo. Mtoto akikaza mwili, akilia kwa maumivu au akibadilika rangi, zoezi huachwa. Nawaheshimu bibi zetu wanaokanda watoto kwa mafuta ya nazi, lakini shingo hii haitaki nguvu, na mzazi asiijaribu kabla ya kuonyeshwa.

Ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumfanya mtoto ajitibu kwa hamu yake mwenyewe. Ikiwa kugeukia kulia ndiko kugumu, mama huzungumza naye kutoka kulia, na kitanda huwekwa ili mlango na watu wanaopita wawe upande huo. Anapobebwa kwa mbeleko, shavu lisilazwe upande uleule kila siku. Akiwa macho, na mtu yupo karibu, hulazwa kifudifudi mara kwa mara ili ainue kichwa. Wakati wa kulala hurudishwa chali. Akishapata nguvu, hushikwa wima na kuinamishwa kidogo upande wa msuli uliofupika, naye hunyanyua kichwa kwa misuli ya upande dhaifu.

Walioanza mazoezi kabla ya umri wa mwezi mmoja kwa kawaida hupona haraka, pengine kwa wiki kadhaa. Waliocheleweshwa kupita miezi sita huhitaji muda mrefu zaidi, na wachache huishia kwenye upasuaji. Hata shingo ikinyooka, mtaalamu makini hafungi faili. Humwita mtoto tena anapoanza kutembea, kwa kuwa mwinamo unaweza kurudi wakati huo, na humwangalia akisimama, akigeuka na akichoka.